Graniti nyeusi, graniti nyeupe, marumaru, kwatsi au vigae: kaunta ipi itahimili jiko la Mombasa?

Wifi yangu anajenga Bamburi. Nyumba imeshapigwa lipu, na sasa haipiti siku hajaniletea picha ya kaunta ya jikoni kwenye simu: "Wifi, hii je?" Picha zote zapendeza. Ila katika majiko yote hayo sijaona hata ndimu moja iliyokatwa, wala sufuria iliyotoka motoni sasa hivi, wala mkono wenye manjano. Yamepigwa picha kabla mtu hajapika.

Basi nikapita kwa mafundi wanaokata mawe nikaomba vipande vya mabaki, vya ukubwa wa sahani. Wawili walinipa bure, wa tatu akataka ya chai. Nikarudi Tudor na vipande vya aina tano kwenye kikapu: graniti nyeusi, graniti nyeupe yenye madoa ya kijivu, marumaru nyeupe, kwatsi ya kiwandani na kigae cha kung'aa. Nikavipanga kando ya sinki, na kwa wiki mbili nikavitesa kwa vitu vile vile ninavyovimwaga kila siku. Juu ya hayo nina miaka kumi na miwili ya kuosha kaunta yangu ya graniti nyeusi, na kabla yake utoto mzima mbele ya kaunta ya terazo ya mama, Mji wa Kale. Nitakayosema yametoka humo.

Kwanza tujuane na mawe yenyewe, maana majina ya dukani yanapoteza watu.

Graniti ni jiwe lililotokana na uji wa moto wa chini ya ardhi uliopoa polepole mno, ndiyo maana ukiinama unaona chembe zake moja moja. Kamusi zinaliita itale, lakini ukimtajia fundi itale atakuangalia tu. Ndani yake mna madini ya kwatsi, felispa na mika, na ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs, chenye daraja 1 hadi 10, ni kati ya 6 na 7. Kisu cha jikoni hakiliandiki. Mara nyingi kisu ndicho kinachobutuka. Ile inayouzwa kama "graniti nyeusi" wataalamu wa mawe huiita gabro au doleraiti. Ni jamaa wa graniti, mzito zaidi, mwenye matundu machache. Ile ya vimulimuli vya dhahabu, Black Galaxy, huchimbwa Chimakurthi, jimbo la Andhra Pradesh huko India. Nyeupe kama Kashmir White nayo inatoka kusini mwa India, jina lisikudanganye, na inajulikana kwa kunywa maji.

Marumaru ni ukoo mwingine kabisa. Ni mawe ya chokaa yaliyopikwa na kubanwa ardhini mpaka yakabadilika. Ugumu wake ni 3 tu. Mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa hili kwa vitabu: matumbawe ya kuta za Mji wa Kale, matumbawe ya Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593, chokaa ya kupakia nyumba, na marumaru ya kaunta, vyote asili yao ni kalisi kaboneti. Ndugu wa tumbo moja, mmoja amevaa vizuri.

Kwatsi ya dukani si jiwe lililochimbwa likiwa bamba. Ni chembe za kwatsi zilizosagwa, kama asilimia 90 au zaidi, zikagandishwa kwa gundi ya plastiki kiwandani. Kigae ni udongo uliochomwa na kupakwa kioo juu.

Ndimu

Hapa ndipo nilipoanza, kwa sababu ndimu haikosekani kwetu. Kachumbari, samaki, mishkaki, maji ya asubuhi. Nilikata ndimu moja, nikalaza nusunusu juu ya vipande vyote, uso chini, nikaenda kusali magharibi.

Niliporudi nikafuta. Graniti nyeusi, hakuna kitu. Graniti nyeupe, hakuna kitu ila unyevu uliozama kidogo na kukauka kesho yake. Kwatsi salama, kigae salama. Kwenye marumaru palikuwa na duara. Si doa la rangi: ni mahali ambapo mng'aro umeliwa, ukipitisha kidole unahisi ukavu kama wa chaki. Sikuweza kuliosha kwa sababu hakuna uchafu wa kuosha, jiwe lenyewe ndilo lililoondoka. Dawa yake ni kusugua upya kwa mashine na pedi za almasi, na huyo ni fundi wa kulipwa.

Siki, ukwaju, maji ya tungule na achari ya embe hufanya kazi ile ile, polepole zaidi. Terazo ya mama nayo ilikuwa hivyo, kwa kuwa ni saruji iliyochanganywa na vijiwe vya marumaru, na saruji ina chokaa. Mama alikuwa na ubao maalumu wa ndimu uliotundikwa kwenye msumari, na mtoto aliyekata ndimu juu ya terazo alijua atasikia jina lake lote. Tulidhani ni ukali tu.

Watu husema graniti haidhuriki na ndimu, basi huitumia kuisafishia. Sishauri. Jiwe litavumilia, lakini dawa ya kuziba vitundu vya jiwe uliyoipaka juu yake haitavumilia, na baadhi ya mawe yanayouzwa kwa jina la graniti yana mishipa ya chokaa ndani.

Manjano na hina

Sasa kwenye rangi. Hapa graniti nyeupe ilinivunja moyo, na afadhali ninyi mjue kabla.

Nilikoroga manjano na mafuta kidogo, kama yanavyodondoka kwenye upawa, nikaweka kijiko kimoja kimoja. Kando yake nikaweka hina. Hina ile ya harusi, iliyokandwa kwa ndimu, kwa sababu nyumba zetu nyingi kaunta ya jikoni ndiyo meza ya kukandia hina wiki ya harusi. Nikaacha vyote saa tatu.

Kigae kilifutika kwa kitambaa chenye maji. Kwatsi ilibaki na kivuli cha njano, kikatoka kwa sabuni ya vyombo na subira. Nyeusi, kama ilipata doa mimi sikuliona, na doa usiloliona kwenye jiwe jeusi halikukoseshi usingizi. Marumaru ilipata mawili kwa mpigo: ndimu ya hina ikala mng'aro, rangi ikaingia palipoliwa.

Graniti nyeupe ambayo haijazibwa ilikuwa na pete ya njano upana wa kikombe, na katikati yake mafuta yaliyozama yakiwa kama jiwe limeloa. Hina iliacha alama ya rangi ya chungwa. Nikasugua kwa sabuni ya mche, na manjano ikawa nyekundu! Kina mama mnalijua hilo kutoka kwenye kanga: manjano ikikutana na sabuni kali hugeuka nyekundu, halafu ikisuuzwa hurudi. Kwa hiyo usitishike, wala usizidishe sabuni kwa hasira.

Nilichofanya ni hiki. Kwa doa la mafuta: soda ya kupikia, ile inayotiwa kwenye bhajia, na maji kidogo, mpaka iwe rojo zito kama la kalimati. Paka juu ya doa unene wa kidole, litoke nje ya mipaka ya doa kidogo. Funika kwa karatasi ya nailoni, bana kingo kwa utepe. Acha saa 24. Kisha toa nailoni na uache rojo likauke lenyewe, maana ni katika kukauka ndipo linapovuta mafuta juu. Kwangua kwa mwiko wa mbao, osha, tazama. Mimi nilirudia mara tatu ndipo jiwe likarudi rangi yake. Kwa doa la rangi, kama manjano, hina, chai au kahawa, badala ya maji tia haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya vidonda inayotoa povu, ipo duka la dawa lolote. Hiyo ni kwa mawe meupe tu. Jeusi usilipake, linaweza kupauka. Manjano iliyobaki niliimaliza kwa kuliweka jiwe juani siku mbili, kwani rangi ya manjano haipatani na jua. Hina ilififia, haikuisha. Mpaka leo ukiweka kipande kile karibu na dirisha utaona kivuli chake.

Kipande cha pili cha jiwe lile lile nyeupe, nilichokipaka dawa ya kuziba wiki moja kabla, kilitoka na alama hafifu ya manjano iliyokubali sabuni, na hina haikushika kabisa. Jiwe moja, fundi mmoja, tofauti ni dawa.

Maji ya kisima

Mpaka hapa nyeusi imeshinda kila raundi. Basi ngoja nikutolee aibu yake.

Maji ya mfereji Mombasa yana siku zake. Yanayotoka Mzima na Baricho yakikatika, tunanunua mitungi ya mkokoteni au tunavuta ya kisima, na maji ya kisima kisiwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe. Yana chumvi na yana chokaa. Yakikauka juu ya kaunta huacha ukoko mweupe. Juu ya graniti nyeupe ukoko huo upo lakini hauonekani. Juu ya nyeusi unaonekana kutoka mlangoni: pete pale mtungi ulipowekwa, na ukuta mweupe mgumu kuzunguka shina la mfereji.

Mwaka wa kwanza nilisugua kwa waya wa sufuria. Ukoko haukutoka wote, na vipande vidogo vya chuma vikabaki kwenye vitundu vya jiwe. Hewa yetu ya bahari ikavifanyia kazi yake, na baada ya wiki nikawa na vidoa vya kutu juu ya weupe. Nikaenda kununua dawa ya kutoa kutu, na kabla sijaifungua nikasoma nyuma ya chupa: asidi ya hidrofloriki. Hiyo ni asidi inayokula kioo, na inakula graniti pia, achilia mbali vidole vyako. Nikairudisha. Kama kuna dawa moja ya kuogopa kwa graniti, ni hiyo.

Kilichonifaa ni wembe. Lowesha ukoko kwa maji ya moto na sabuni, uache robo saa. Shika wembe mpya ukiwa umelala karibu kabisa na jiwe, kama mtu anayeparura magamba ya samaki bila kutaka kuchana ngozi, na usukume mbele tu, usirudishe nyuma. Utasikia mkwaruzo mkavu, kisha ukoko unatoka kwa vipande kama maganda ya yai. Graniti ni ngumu kuliko wembe kwa hiyo haichaniki. Marumaru itachanika, kwatsi yataka uangalifu. Baada ya hapo kinga ni kitambaa kikavu. Maji yasikaukie juu ya jiwe, basi. Kwangu kitambaa kinatundikwa kwenye mlango wa kabati la sinki, na wa mwisho kuosha vyombo ndiye anayefuta.

Kwenye kigae, ukoko huo unatoka kwa siki, ukijihadhari isikae kwenye maungio. Kwenye kwatsi, siki iliyopunguzwa kwa maji, haraka, kisha suuza. Kwenye marumaru umefungwa njia: ukoko ni kalisi kaboneti na jiwe ni kalisi kaboneti, kila kitakachokula kimoja kitakula na cha pili. Kwa mtu anayetegemea maji ya kisima, hiyo pekee yatosha kumwondoa marumaru kwenye orodha.

Moto

Graniti zote mbili zinastahimili sufuria iliyotoka jikoni. Hata hivyo mimi huweka kipande cha ubao chini, kwa sababu jiwe hupasuka likipashwa moto mahali pamoja ghafla, hasa pale palipokatwa kwa ajili ya sinki ambapo pamebaki ukanda mwembamba. Jiko la makaa juu ya kaunta, hata kwa biriani moja, hapana.

Kwatsi ndiyo yenye udhaifu hapa. Gundi yake huanza kuharibika kwenye joto la karibu nyuzi 150 za Selsiasi, na mafuta ya kukaangia mahamri huwa yameshavuka hapo. Karai likitua dakika mbili, linaacha alama ya kahawia ambayo haisuguliki. Jirani yangu anayo. Ameweka mtungi wa maua juu yake. Jua kali la dirishani nalo huifanya igeuke njano pole pole, kwa hiyo si ya kupikia nje barazani.

Nazi na mchi

Kila jiwe ni gumu na kila jiwe huvunjika. Ukingo wa kaunta si mahali pa kupasulia nazi, awe nani aliyekufundisha. Kinu na mbuzi viende chini sakafuni panapostahili. Hapa vigae vinapata ushindi wao wa pekee: kimoja kikivunjika, unakitoa na kuweka kingine, ikiwa ulikuwa na akili ya kuhifadhi boksi moja. Bamba la graniti likimeguka ukingo, fundi atajaza kwa resini yenye rangi, na wewe peke yako utajua palipo.

Lakini vigae vina maungio, na maungio ndiyo jela yake. Grauti inayojaza humo ni saruji. Inakunywa mafuta ya samaki, inashika manjano, na kwa unyevu wetu inaota weusi kila msimu wa mvua. Nimeona kaunta za vigae zilizo safi kabisa, na wenyewe wote walikuwa na mswaki wa zamani kwenye kikombe karibu na sinki. Kama una mtu wa kushika mswaki huo kila Jumamosi, vigae ni vya bei nafuu na havina makuu. Kama huna, utayachukia ndani ya mwaka.

Kuziba jiwe

Hii ndiyo kazi inayowatisha watu na kwa kweli ni ya asubuhi moja. Dondosha maji juu ya kaunta, duara la ukubwa wa shilingi, usubiri dakika 10 hadi 15. Futa. Kama chini pamekuwa peusi kuliko pembeni, jiwe linakunywa na linahitaji dawa. Kama halijabadilika, liache. Nyeusi yangu sijaipaka hata mara moja katika miaka kumi na miwili, na kila nikiijaribu kwa maji inanipa jibu lile lile. Ukilazimisha dawa kwenye jiwe lisiloinywa, inakauka juu na kuacha ukungu wa kunatanata, halafu utalaumu jiwe.

Nyeupe ipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Nunua dawa inayozama ndani ya jiwe, si ile ya kupaka juu kama vanishi. Osha kaunta, ikauke siku nzima. Paka kwa kitambaa, subiri dakika zilizoandikwa kwenye mkebe, kisha futa yote iliyobaki juu kabla haijakauka. Kufuta ndiyo siri. Na chagua wakati: Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua hakuna, jiwe linakauka kweli. Mwezi wa tano, masika ikiwa imekaa, utapaka dawa juu ya jiwe lililoloa kwa ndani na fedha zako zitakuwa zimekwenda na maji. Jihadhari pia kama graniti yako imelazwa juu ya slebu ya zege mbichi, kama mafundi wengi wanavyofanya hapa. Unyevu wa zege hupanda na kulifanya jiwe jeupe kuwa na mabaka. Zege iachwe ikauke kabla ya jiwe kulazwa.

Kuosha kwa kila siku ni rahisi kwa mawe yote: maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa laini, kisha kikavu. Sabuni ikizidi huacha utando unaofanya nyeusi ionekane imefifia, na watu wakaongeza sabuni tena. Jik si ya kila siku. Hula dawa ya kuziba na kufubaza mng'aro. Na usiichanganye na siki au ndimu hata kidogo, wala na dawa yenye amonia: ya kwanza hutoa gesi ya klorini, ya pili gesi nyingine mbaya kama hiyo, na majiko yetu mengine yana dirisha moja tu.

Kabla ya kulipa

Miaka kadhaa nyuma nilimsindikiza shoga yangu kuchukua "graniti nyeupe ya Italia". Muuzaji alituapia haina matunzo yoyote. Ilikuwa marumaru. Tulijua Ramadhani ile ile, kaunta ilipojaa duara za glasi za juisi ya ukwaju. Kwa hiyo siku hizi siendi dukani bila mkoba wangu mdogo.

Omba kipande cha bamba lile lile utakalonunua, si la jirani yake. Kamulia ndimu: ikitoa vipovu au ikila mng'aro, ni jamii ya marumaru. Kwaruza upande wa nyuma kwa ncha ya kisu: ikichimbika kwa urahisi, vivyo hivyo. Kwa jiwe jeusi, chukua kitambaa cheupe chenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usugue. Kikitoka cheusi, jiwe limepakwa rangi kuficha ukijivu wake, na rangi hiyo itatoka kidogo kidogo kwa sabuni yako ya kila siku. Kwa jeupe, fanya lile jaribio la maji na jingine la mafuta, ulale nalo usiku mmoja.

Uliza na unene. Bamba la sentimita 2 lina uzito wa karibu kilo 54 kwa kila mita ya mraba, la sentimita 3 karibu kilo 81. Kabati za mbao za kubandika ambazo zimeanza kuvimba kwa unyevu hazibebi hayo. Na fundi akija kukata nyumbani, hata ikiwa ni tundu la mfereji tu, mwambie akate kwa maji. Vumbi kavu la mawe haya lina silika inayoharibu mapafu bila kurudi, na la kwatsi ya kiwandani ndilo baya zaidi kwa kuwa karibu lote ni silika. Australia ilipiga marufuku mawe hayo ya kiwandani kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya mafundi waliokuwa wakiugua. Fundi wetu anayekata barazani amejifunga leso mdomoni, naye ana watoto.

Basi wifi, jibu lako

Kwa jiko lako, la watu tisa, la maji ya kisima, na la mahamri kila alfajiri, ningeweka graniti nyeusi pande zote za sinki na jiko, na nikakubali kuifuta. Nyeupe ni nzuri na inafaa, kwa mtu atakayeipima kila kaskazi na asiyeiacha na kijiko cha mchuzi usiku kucha, wewe nakujua. Kwatsi ningempa mtu anayepika kidogo na mwenye watoto wa kumwaga rangi. Vigae, kama fedha ya umaliziaji imebana, na ukutani nyuma ya jiko uviweke hata kama fedha ipo. Terazo, ukimpata fundi mzee anayejua kuipiga msasa, mimi ningeifikiria kwa sababu ya mama tu.

Unasema bado unataka marumaru, kwa ajili ya ile picha. Vipande vyako vyote vimo kwenye kikapu, mwanao atakuletea Jumapili. Kile cha marumaru nimekiweka juu kabisa. Usikifute; lile duara katikati ni nusu ndimu, na lilikaa pale muda wa rakaa tatu na suna zake.